Tope la Ziwa na Hesabu ya Masika

Mvua za vuli za mwaka 1961 zilinyesha Afrika Mashariki kwa wingi ambao hakuna mhandisi aliyekuwa ameuingiza kwenye hesabu zake. Tanganyika ilipata uhuru wake tarehe 9 Desemba wakati sehemu kubwa ya kanda ilikuwa bado inahesabu hasara za mafuriko, na Ziwa Victoria lilikuwa limeanza kupanda. Lilipanda mwaka huo, likapanda uliofuata, na kufikia katikati ya 1964 lilikuwa juu kwa karibu mita mbili na nusu kuliko kabla ya mvua zile. Hili ni ziwa lenye eneo la takriban kilomita za mraba 68,000, kwa hiyo kila sentimita iliyoongezeka ilikuwa mzigo mkubwa wa maji. Yaliyotoka Jinja kuingia Mto Nile yakawa karibu maradufu ya wastani wa miaka sitini iliyotangulia, na huko kusini mwa Sudan vinamasi vya Sudd vikatanuka na kumeza malisho ya wafugaji. Vipimo vya kiwango cha ziwa vilikuwa vikiandikwa tangu 1896. Katika miaka yote hiyo 65 hapakuwa na hata mmoja uliodokeza kwamba jambo kama hili linawezekana.

Vipimo havikudanganya, vilisoma kilichokuwepo. Waliokosea ni wasomaji wake, walioamini kwamba miaka sitini na ushee inatosha kuonyesha tabia yote ya ziwa. Tangu hapo elimu ya tabianchi ya kanda hii imekuwa ikitafuta kumbukumbu ndefu zaidi: kwanza kwenye maandishi ya kale, kisha kwenye shajara za wasafiri, na hatimaye kwenye tope lililotulia chini ya maziwa. Watu wengi hudhani utafutaji huo unalenga kupata kielelezo cha kale kitakachojirudia. Nitatetea jambo jingine hapa. Faida kubwa ya ushahidi wa kale ni kwamba unazitahini modeli za kompyuta zinazotutabiria kesho, na katika suala la mvua za masika umeonyesha kwamba nyingi kati ya modeli hizo hazistahili imani tunayozipa.

Mmoja wa waliolibeba swali la urefu wa kumbukumbu mapema, na kwa uzito, ni Harold Edwin Hurst, Mwingereza aliyefika Misri mwaka 1906 na kutumia miongo mingi ya maisha yake akiuchunguza Mto Nile. Alikuwa na hazina ambayo mito mingine haina: kumbukumbu za viwango vya mto huko Kairo zinazorudi nyuma hadi mwaka 622, zilizoendelezwa kwenye kipimo cha mawe cha kisiwa cha Roda kilichojengwa mwaka 861, zama za Khalifa al-Mutawakkil. Kazi ya Hurst ilikuwa ya vitendo kabisa. Alitaka kujua bwawa liwe kubwa kiasi gani ili Misri ivuke mfululizo wa miaka mikavu bila njaa. Hesabu za kawaida zilidhani kila mwaka huja kwa bahati yake, bila kujali uliotangulia. Mwaka 1951 Hurst alichapisha matokeo yaliyoipindua dhana hiyo: katika Nile miaka ya maji mengi huelekea kukaa pamoja, na miaka ya maji machache vilevile, kwa vipindi virefu kuliko bahati inavyoweza kueleza. Maana yake ni kwamba wastani wenyewe huhama. Anayepima miaka thelathini anaweza kuwa amepima kipindi kimoja tu cha mto, akadhani ameujua mto wote. Ila Hurst alibaki na umbo la jambo bila sababu yake. Takwimu zake zilisema mto unakumbuka, hazikusema unakumbuka nini.

Mashahidi wengine walikuwepo, wakakaa muda mrefu bila kuitwa. Henry Morton Stanley alipofika Ujiji mwaka 1871 aliiona michikichi ikiwa imesimama pale sokoni. Aliporudi mwaka 1876 aliikuta ndani ya maji ya Ziwa Tanganyika. Verney Lovett Cameron alikuwa amefika mwaka 1874 kwenye mlango wa Mto Lukuga, unaotoa maji ya ziwa hilo, akaukuta umezibwa na mimea na mchanga. Miaka michache baadaye maji yaliupasua mlango huo, na mmisionari Edward Hore aliyekaa Ujiji akaandika jinsi ziwa lilivyoanza kushuka. Kuanzia miaka ya 1970 mtaalamu wa hali ya hewa wa Marekani, Sharon Nicholson, alizikusanya habari za namna hii kutoka kwa wasafiri, wamisionari na watawala, akazipanga mwaka baada ya mwaka. Picha iliyojitokeza ilikuwa wazi: maziwa mengi ya Afrika Mashariki yalikuwa juu katika miaka ya 1870, kisha yakashuka kuelekea mwisho wa karne. Kwa maneno mengine, vipimo vya Ziwa Victoria vilianza kuandikwa wakati kipindi kirefu cha maji machache kikibisha hodi. Kile ambacho wahandisi wa 1960 walikiita kawaida kilikuwa kipindi cha unyonge wa ziwa.

Mtu angetegemea kwamba baada ya 1961 somo hilo lingeeleweka. Halikueleweka, au tuseme lilieleweka kwa upande mmoja tu. Uganda ilipopanga kuongeza uwezo wa umeme kando ya bwawa la zamani la Owen Falls huko Jinja, lililokamilika 1954, wataalamu waligawanyika: je, mtambo mpya upimwe kwa maji ya 1900 hadi 1960, au kwa maji tele yaliyokuja baada ya 1961? Kituo cha Kiira kikajengwa, kikaanza kuzalisha umeme mwaka 2000. Miaka michache baadaye mvua zikapungua, maji mengi kuliko kawaida yakaachiliwa kupita kwenye mitambo, na mwaka 2006 ziwa likashuka hadi kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana tangu 1923. Kampala ikaingia kwenye mgao wa umeme. Halafu ukaja mwaka 2020, na mwezi Mei ziwa likapita kidogo kilele cha 1964, likafurika bandarini na kwenye makazi ya pwani zake katika nchi zote tatu zinazopakana nalo. Kuchagua miaka ya kupimia ni kutabiri, hata kama anayechagua hajui kwamba anatabiri.

Kwa hiyo watafiti wakashuka chini ya maji. Mwaka 2000 Dirk Verschuren wa Chuo Kikuu cha Ghent, Ubelgiji, pamoja na wenzake, walichapisha historia ya miaka 1,100 ya Ziwa Naivasha, nchini Kenya, iliyosomwa kutoka kwenye tope la kreta iliyozama karibu na kisiwa cha Crescent. Njia yake haihitaji miujiza. Ziwa likipungua, chumvi huongezeka. Chumvi ikiongezeka, mwani wa aina fulani hufa na wa aina nyingine hustawi, na mabuu ya wadudu wa majini hubadilika vivyo hivyo. Magamba yao hubaki kwenye tope, tabaka juu ya tabaka, na umri wa tabaka hupimwa kwa kaboni na madini mengine ya mnururisho. Tope la Naivasha lilisema kwamba kati ya takriban mwaka 1000 na 1270 nchi ilikuwa kavu kuliko ilivyo leo. Kisha ukaja wakati wa maji mengi hadi katikati ya karne ya 19, uliokatizwa na vipindi vitatu vya ukame: 1390 hadi 1420, 1560 hadi 1625, na 1760 hadi 1840. Ukame huo ulikuwa mkali kuliko wowote wa karne ya 20, na uliangukia nyakati ambazo masimulizi ya wazee wa kanda hii yanazitaja kwa njaa, ghasia na kuhama kwa watu. Wanahistoria waliokuwa wakiyaona masimulizi hayo kuwa hekaya walipata cha kufikiria.

Hapo ndipo kishawishi kinapojitokeza. Karne za 1000 hadi 1270 zilikuwa za joto kiasi huko kaskazini mwa dunia, na Naivasha ilikuwa kavu. Basi, anasema mwenye haraka, dunia ikipata joto Afrika Mashariki hukauka, na shauri limekwisha. Ziwa Edward, mpakani mwa Uganda na Kongo, linaikataa njia hiyo ya mkato. Matope yake yanaonyesha ukame kati ya takriban 1400 na 1750, karne zile zile ambazo kwa sehemu kubwa Naivasha ilikuwa imejaa. Ziwa moja haliwezi kusemea ukanda mzima, na karne moja ya kale haiwezi kunakiliwa ikabandikwa kwenye karne ijayo. Ushahidi wa namna hii unahitaji kitu cha kuuunganisha na sababu, yaani pepo za kaskazi na kusi, joto la Bahari ya Hindi, jua na hewa ukaa. Kazi hiyo ya kuunganisha hufanywa na modeli.

Modeli za tabianchi ni programu zinazokokotoa mwendo wa hewa, maji, joto na mawingu duniani kote kwa kanuni za fizikia. Kwa Afrika Mashariki nyingi kati yake zinatabiri kwamba dunia ikizidi kupata joto mvua zitaongezeka, za masika zikiwemo. Hali halisi ilikwenda kinyume. Tangu miaka ya 1980 mvua za masika zilielekea kupungua katika sehemu kubwa ya Pembe ya Afrika, na kati ya mwisho wa 2020 na mwisho wa 2022 misimu mitano ya mvua ilishindwa mfululizo katika Somalia, kusini mwa Ethiopia na kaskazini na mashariki mwa Kenya. Wanasayansi wameupa mgongano huu jina la kitendawili cha Afrika Mashariki. Katika kukitegua, vipimo vya karne ya 20 havisaidii sana, kwa sababu modeli zimekuzwa juu ya vipimo hivyo hivyo. Mwanafunzi aliyekariri mitihani iliyopita atafaulu akiulizwa maswali yale yale. Utamjua unapomtungia swali ambalo hajawahi kuliona. Enzi ya barafu ya miaka 21,000 iliyopita, au Sahara ilipokuwa na majani na viboko, ni maswali ya aina hiyo. Hewa ukaa, barafu na mwelekeo wa jua vilikuwa tofauti, na majibu yamehifadhiwa kwenye tope.

Mtihani huu umekwisha kufanya kazi yake katika jambo kubwa kuliko mvua zetu. Mwaka 1979 kamati ya wanasayansi wa Marekani iliyoongozwa na Jule Charney ilikadiria kwamba hewa ukaa ikiongezeka maradufu dunia itapata joto la kati ya nyuzi 1.5 na 4.5, na kwa miaka arobaini pengo hilo halikupungua. Kisha baadhi ya modeli mpya zikaanza kutoa jibu la zaidi ya nyuzi 5. Mojawapo, inayotengenezwa na kituo cha Marekani cha utafiti wa anga, ilipewa swali la enzi ya barafu ikajibu kwamba dunia ilikuwa na baridi karibu maradufu ya ile inayoonyeshwa na mashapo ya baharini, ambayo ni takriban nyuzi 6 chini ya hali iliyokuwepo kabla ya viwanda. Watafiti wakafuatilia kosa hadi kwenye namna modeli ilivyokokotoa mawingu, wakarekebisha, na makadirio ya kesho yakashuka. Ripoti ya jopo la kimataifa la mabadiliko ya tabianchi ya mwaka 2021 iliupunguza upana wa makadirio hadi kati ya nyuzi 2.5 na 4, na ushahidi wa zama za kale ulikuwa miongoni mwa sababu kuu. Hakuna kipimo cha leo ambacho kingelibaini kosa lile la mawingu peke yake.

Kwa Afrika Mashariki mtihani umetoka sehemu mbili hasa. Ya kwanza ni Ghuba ya Aden, ambako Jessica Tierney wa Chuo Kikuu cha Arizona na wenzake walichunguza nta ya majani iliyopeperushwa baharini na kuzama, ambayo haidrojeni yake hubeba alama ya mvua iliyonywewa na mmea. Mwaka 2015 walionyesha kwamba kukauka kwa Pembe ya Afrika katika karne ya 20 si kwa kawaida ukikulinganisha na miaka 2,000 iliyopita, na kwamba kumekwenda sambamba na kupanda kwa joto la dunia. Sehemu ya pili ni Ziwa Challa, kreta ndogo yenye kina kirefu mpakani mwa Kenya na Tanzania, ubavuni mwa Kilimanjaro. Hakuna mto unaoingia, na sehemu ya chini haina oksijeni wala viumbe wa kuvuruga tope, hivyo kila mwaka huacha utando wake mwembamba kama uzi, mweupe na mweusi. Mwaka 2011 Christian Wolff na wenzake walipima unene wa nyuzi hizo, wakaona kwamba mvua za mwaka hadi mwaka zilitofautiana kwa kiwango kidogo katika enzi ya barafu kuliko leo. Joto limekuja na kuyumba kwa misimu.

Mwaka 2016 ziwa hilo lilichimbwa hadi kupata zaidi ya mita 200 za mashapo, yanayokadiriwa kubeba miaka 250,000. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2023, yaliyotumia miaka 75,000 ya juu, ndiyo naona yana uzito kuliko yote niliyoyataja. Katika enzi ya barafu joto lilipopanda, unyevu wa nchi ulipanda nalo, kama modeli zinavyosema. Lakini kuanzia takriban miaka 11,700 iliyopita, dunia ilipofikia joto linalokaribia la leo, uhusiano huo uligeuka: nyakati za joto zaidi zikawa nyakati kavu zaidi. Fizikia yake inaeleweka. Hewa ikiongezeka joto kwa nyuzi 1 hubeba mvuke zaidi kwa takriban asilimia 7, na hilo huleta mvua. Ila hewa hiyo hiyo hunyonya maji kutoka ardhini na kwenye majani, na ikifika mahali unyonyaji ukaishinda mvua. Modeli inayoahidi masika mazito bila kuweza kuuzalisha mgeuko huu katika kompyuta yake imeanguka mtihani, hata kama imefaulu kwa Ulaya.

Mwenye shaka ana haki ya kuuliza: je, ushahidi wa kale wenyewe haujawahi kuanguka? Umewahi, na hapa hapa. Lonnie Thompson na timu yake walitoboa barafu ya Kilimanjaro mwaka 2000, wakasema ina miaka karibu 11,700, wakaonyesha kwamba karibu asilimia 80 ya eneo lake lililopimwa mwaka 1912 limetoweka, na wakakadiria kwamba iliyobaki ingekwisha kati ya 2015 na 2020. Barafu ipo, imepungua lakini ipo, na umri ule wa 11,700 umepingwa na wataalamu wengine. Lakini tazama kilichoanguka ni kipi. Tarehe ya kutoweka ilipatikana kwa kunyoosha mstari wa karne ya 20 kuelekea mbele. Haikutoka kwenye tabaka za barafu. Ubishi kuhusu umri nao ni halali, na ndiyo sababu hoja ya masika haikujengwa juu ya barafu ile bali juu ya nta ya Aden na nyuzi za Challa, ambazo zimepatikana kwa njia tofauti na zinakubaliana.

Pingamizi lililo zito zaidi ni kwamba leo haina mfano. Enzi ya barafu ilikuwa na hewa ukaa ya takriban sehemu 190 katika milioni, kabla ya viwanda 280, na sasa imepita 420 kwa kasi ambayo tope la maziwa haya halijawahi kuiona. Kweli kabisa, na pingamizi hilo lingetosha kumnyamazisha anayetafuta karne ya kuinakili. Halimgusi anayetahini, kwa kuwa kanuni za mvuke na upepo ni zile zile, na tofauti ya mazingira ndiyo inayoufanya mtihani uwe mgumu wa kutosha. Mwingine atasema: mbona mvua za masika za 2018 na 2024 zilifurika hadi zikaua watu? Msimu mmoja au miwili haifuti mwelekeo, na kuyumba kwa misimu ndiko nyuzi za Challa zilikotuambia tukutegemee. Mkulima wa Makueni au Same anayeambiwa masika yanakauka hajaambiwa kwamba hatafurikiwa.

Kuna pia upande wa vuli, ambako kumbukumbu ndefu inazidisha hofu badala ya kuipunguza. Mafuriko ya 1961, 1997 na 2019 yote yalikuja pale maji ya magharibi mwa Bahari ya Hindi yalipokuwa ya moto kuliko kawaida na yale ya pwani ya Sumatra yakapoa, hali ambayo watafiti wa Japani waliipa jina la dipoli mwaka 1999. Mwaka 2020 Nerilie Abram wa Australia na wenzake waliisoma kutoka kwenye matumbawe hadi mwaka 1240. Walihesabu matukio makali kumi tu katika kumbukumbu hiyo, na manne yakawa ya miaka sitini ya mwisho. Zaidi ya hayo, tukio la mwaka 1675 huenda lilikuwa na nguvu zaidi ya lile la 1997 kwa kiasi cha hadi asilimia 42, na hilo lilitokea bila hewa ukaa ya viwanda kulisukuma. Daraja au tuta linalojengwa leo kwa kuchukua 1961 au 1997 kuwa mwisho wa ubaya limejengwa kwa kipimo ambacho bahari imekwisha kukipita. Kwa mvua za masika bado kuna swali moja la wazi la kuziuliza modeli. Chini ya ile miaka 75,000 iliyosomwa kwa matokeo ya 2023, tope la Challa limehifadhi kipindi cha miaka 125,000 hivi iliyopita, dunia ilipokuwa na joto kiasi kuliko kabla ya viwanda. Jua lilikuwa na mwelekeo tofauti wakati huo, na tofauti hiyo inajulikana na inaweza kuingizwa kwenye hesabu. Modeli zinazotumiwa kupanga maghala, mabwawa na bima ya mifugo katika kanda hii zinaweza kupewa swali hilo kabla takwimu zake za 2050 hazijafika mezani kwa wizara.